Tangazo la Basi Letu huko Gunyarra

"Cora, kibao kile kimeandikwaje?"

Ilikuwa mara ya nne mume wangu kuniuliza swali hilo siku ile.

"Kimeandikwa Gunyarra, kilomita sita. Herufi zake kubwa kama mlango wa ghala. Miwani yako iko wapi?"

"Ninayo usoni."

Kweli alikuwa nayo. Nikageuza uso kutazama mashamba ya kanola, mmea wa mafuta, yaliyokuwa manjano mpaka yanaumiza macho, nikajiambia kwamba Alwyn amechoka tu. Tulikuwa njiani tangu asubuhi na basi letu lina urefu wa mita kumi na mbili. Mtu yeyote angechoka.

Baba yangu alikuwa mtandaza reli. Nilipofikisha miaka kumi na minne nilikuwa nimeshalala katika kambi kumi na saba, na mpaka leo nikikaa mahali siku tatu, siku ya nne miguu inaanza kuniwasha. Alwyn ni kinyume changu. Alizaliwa katika nyumba moja mjini Maitland, akafikisha miaka sitini katika nyumba hiyohiyo. Alipostaafu ufundi wa mashine kiwandani, alinunua basi la abiria lililokuwa limemaliza kazi yake Newcastle, akang'oa viti vyote, akalifanyia kazi uani kwetu miaka mitatu. Akaweka kitanda nyuma, jiko, bafu, kochi, rafu ya vitabu vyangu. Tukauza nyumba.

"Sasa utatulia," aliniambia.

"Nitatuliaje na hiki kitu kina magurudumu sita?"

Tulicheka sana siku ile. Hiyo ilikuwa miaka tisa kabla ya safari ile. Tangu hapo, kila siku ya nne, bila mimi kusema neno, Alwyn alikuwa anawasha injini.

Mwezi wa Septemba wenye mabasi kama letu hukutana kwenye uwanja wa maonyesho wa mji mmoja au mwingine, na mwaka ule ilikuwa zamu ya Gunyarra. Sisi hatukosi. Lakini safari ile haikuwa kama nyingine. Ikifika saa tisa mchana Alwyn hataki tena kuendesha. Halafu tangu mji wa Parkes alikuwa ameganda nyuma ya basi la njano la rafiki yetu Trudy, karibu mno, hata nikaweza kusoma maandishi madogo juu ya dirisha lake la nyuma. Trudy aliendesha mabasi ya Sydney miaka ishirini na minane, kisha akastaafu na kununua moja. Mwenyewe husema ni kama kuolewa na mtu aliyekukera ujana wako wote.

Langoni walikuwepo wenyeji waliojitolea, wamevaa vizibao vya rangi ya chungwa, wakionyesha kila basi mahali pake. Alwyn ana sifa kati yetu kwa kurudisha basi nyuma mara moja likaingia kama droo. Safari hii alipita mabasi yote hamsini na kitu, akaenda kusimama peke yetu mbali, kando ya mabanda ya ng'ombe, mahali pa kuingia moja kwa moja bila kurudi nyuma.

"Kwa nini huku kwenye inzi?"

"Nataka kivuli."

Hapakuwa na mti hata mmoja.

Ijumaa ni siku ya milango wazi. Watu wanaingia kwenye mabasi ya wenzao, wanafungua makabati, wanabonyeza magodoro, wanaulizana choo umekifungaje na maji unayaweka wapi. Miaka mingine siku hiyo Alwyn humwoni ila miguu yake, mwenyewe yuko chini ya injini ya mtu. Mwaka ule alikalia kiti cha kukunja akauelekea uzio. Mimi nilizunguka. Niliingia basi hili nikatoka, nikaingia lile, nikanywa chai sehemu tatu na sikumaliza hata kikombe kimoja. Nilikuwa na hofu isiyo na jina, na kila nilipokaa ilikaa nami.

Niliporudi kwetu nilimkuta kijana na mkewe mlangoni. Mke alikuwa mjamzito, karibu kabisa na kujifungua. Mume ana futi ya kupimia mkononi.

"Samahani mama, tumekuja kuliona basi."

"Karibuni, karibuni. Viatu ingieni navyo tu."

Waliingia. Yule kijana akapima kitanda, akapima upana wa njia, kisha akasimama mbele ya vitabu vyangu.

"Tukiitoa hii rafu," alimwambia mkewe, "kitanda cha mtoto kinaingia."

"Utoe rafu yangu uipeleke wapi, baba?"

Wakatazamana. Mke akasema kwa aibu, "Tuliona tangazo, mama. Kwenye ukumbi wa chai." Akanionyesha picha kwenye simu yake. Basi letu, na mapazia yangu ya buluu, na juu yake neno LINAUZWA, kwa mkono wa Alwyn. Lakini herufi zilikuwa kubwa kama za mtoto anayeanza shule, na mstari ulikuwa unateremka kama unaporomoka mlima.

Sikumbuki niliwaaga vipi. Nilikwenda ukumbini nikalibandua tangazo lile mbele ya akina mama waliokuwa wanapanga skonzi, nikarudi nalo mpaka kwenye kile kiti.

"Hii nini?"

Hakuitazama. "Nilitaka nikuambie."

"Lini? Wakiwa wanaondoka nalo na mimi nimo bafuni?"

"Cora, nimechoka."

"Umechoka na nini?"

"Na barabara."

"Na barabara au na mimi?"

Hilo lilikuwa swali la kujibiwa upesi, na yeye hakulijibu upesi. Nikamtupia karatasi yake mapajani nikaondoka.

Nyuma ya mabanda kuna njia ya mviringo ya mbio za farasi. Nilianza kuizunguka. Sikuwa na mpango, miguu ndiyo iliyonipeleka. Mzunguko wa tano Trudy akanikuta na vikombe viwili vya chai.

"Shoga, unafanya mazoezi au umeingiwa na farasi?"

Nikamwambia yote. Alitembea kando yangu bila kusema, na Trudy kunyamaza ni jambo la kuandika kwenye kalenda. Mwisho akasema:

"Jana mumeo aliniganda kama kupe. Nikiwasha taa ya kushoto, naye anawasha. Nilisimama niingie kichakani kujisaidia, naye akasimama nyuma yangu, nikabana mkojo kwa heshima. Mtu aliyeendesha miaka tisa hafanyi hivyo."

"Unataka kusema nini?"

"Sisemi kitu. Muulize kitu kingine, siyo basi."

Sikumuuliza. Nilikuwa na hasira, na hasira ilikuwa rahisi kuishika kuliko lile swali. Tulikula viazi na soseji, yeye nje na mimi ndani. Asubuhi ya Jumamosi nilimwambia tusiingie kwenye maandamano ya mabasi.

"Mwaka huu ni wa mwisho," alisema. "Niache niendeshe."

Saa nne mabasi yakatoka moja moja kuingia barabara kuu ya Gunyarra, bendi ya shule ikiwa mbele. Wenyeji walikuwa wametoa viti vyao kando ya maduka, wanatupungia, watoto wanaomba tupige honi. Trudy alikuwa nyuma yetu. Mbele yetu lilikuwepo basi jeupe, lakini dereva wake alikuwa na haraka, akatuacha, pengo likazidi kuwa kubwa. Tulikwenda mwendo wa mtu anayetembea upesi. Alwyn alikuwa ameinamisha kichwa upande, kama kuku anayetazama punje, na nikagundua kwamba amekuwa akikaa hivyo miezi mingi.

Kwenye njia panda ya posta mwanamke mmoja wa vizibao vya chungwa aliingia katikati ya barabara akainua mkono, awaruhusu watu wavuke. Alisimama mbele yetu kabisa. Mimi nilimwona. Nikangoja mguu wa Alwyn uende kwenye breki. Haukwenda. Alikuwa anatabasamu kidogo.

"Alwyn."

"Mm?"

"Alwyn, simama. Simama! SIMAMA!"

Breki zikapiga mluzi wa hewa, kabati likafunguka nyuma yetu, vikombe vikamwagika sakafuni. Yule mwanamke alitoweka chini ya kioo. Niliruka chini, nikazunguka mbele. Alikuwa amekaa kwenye lami, miguu ameinyoosha, kiganja chake kiko juu ya bampa letu kana kwamba ni yeye aliyelisimamisha.

"Sijaumia," alisema. "Sijaumia. Lakini alikuwa ananitazama! Ananitazama usoni na anakuja!"

Watu walimwinua. Nikapanda tena. Alwyn bado ameshika usukani kwa mikono miwili.

"Nimegonga?"

"Hapana."

"Alikuwa nani?"

"Mwanamke, Alwyn. Amevaa chungwa kutoka shingoni mpaka kiunoni. Hukumwona?"

"Sikumwona," alisema. "Sikuona kitu."

Nyuma yetu mabasi yalipiga honi kwa furaha, yakidhani tunatania, na bendi ilizidi kwenda mbele bila kujua. Trudy akatokea mlangoni. Alitazama vikombe, akatutazama sisi.

"Sogea, mzee wangu," alimwambia Alwyn, taratibu sana, na Alwyn akasogea. Akaliingiza basi letu kwenye uchochoro wa posta, akazima, akakimbia kulirudia lake lililokuwa limefunga barabara.

Polisi alikuja na daftari. Kabla hajauliza lolote Alwyn alikuwa ameshatoa leseni mfukoni.

"Ichukue, kijana. Ilinipasa kuirudisha Februari."

Yule polisi aliandika kwa muda mrefu. Alipoondoka tulibaki wawili kati ya vigae vya vikombe. Alwyn alikaa kwenye kochi, mimi nilishindwa kukaa. Nilienda mpaka kitandani, nikarudi mpaka usukani.

"Daktari wa macho mjini Orange aliniambia Februari," alianza. "Kuna doa katikati ya uoni wangu. Pembeni naona vizuri. Naona mstari wa barabara, naona miti, naona nywele zako. Nikikutazama usoni, uso haupo."

"Tangu Februari huoni uso wangu?"

"Nauona. Nikitazama sikio lako."

Sijui kama nililia au nilicheka, sauti ilikuwa moja.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia, tungesimama. Na wewe kusimama hujui, Cora. Nikaona bora niuze, niseme nimechoka." Akavua miwani. "Na kuchoka nimechoka kweli. Barabara ilinitoka moyoni mwaka wa tatu. Nilikuwa natamani bustani. Nyanya tu, basi. Lakini kila siku ya nne nasikia miguu yako inasuguana kitandani, naamka nawasha injini."

Miaka sita! Nilikuwa nimejigamba kwa kila mtu kwamba mimi na mume wangu tuna damu moja ya safari. Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Lakini chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine, nacho nilikisema, kwa sababu nisingekisema kingeoza.

"Miguu yangu ni yangu, nitaibeba. Ila leo haikuwa kwenye breki, Alwyn. Leo ungeua mtu, na ulijua. Hilo usinitwike mimi."

"Sikutwiki."

"Basi twende ukamwombe radhi."

Tulimkuta ukumbini, amefungwa bandeji kiwikoni. Bi Pascoe, mke wa mwenye duka la dawa. Alwyn alivua kofia akasema yote, doa, daktari, Februari. Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nina wajukuu sita," alisema. "Wawili walikuwa nyuma yangu wanasubiri kuvuka." Kisha akageuka akaendelea kupaka siagi mikate.

Jumapili mabasi yalianza kuondoka. Wale vijana walirudi kuuliza, nikawaambia tangazo limeondolewa, basi haliuzwi tena. Yule binti mjamzito machozi yakamlenga, nami nikajihisi mwizi wa kitu changu mwenyewe. Walipokwenda nilimfuata Trudy aliyekuwa anakunja kamba zake.

"Nifundishe."

"Nikufundishe nini?"

"Hilo basi."

Alinitazama kuanzia viatu mpaka nywele. Nilikuwa na miaka sitini na sita, na ufupi wangu ni wa kuombea radhi.

"Leseni yako ni ya kigari cha sokoni."

"Njia ya farasi siyo barabara. Nimemwuliza mwenye uwanja, amesema nisiharibu uzio."

Saa moja baadaye nilikuwa juu ya kile kiti, mto umewekwa nyuma yangu ili mguu ufike.

"Klachi mpaka chini," alisema Trudy. "Mpaka chini, shoga! Usiiguse kama unamwamsha mgonjwa. Haya, gia ya kwanza. Achia kidogo kidogo... Kidogo kidogo nimesema, siyo kama umeungua!"

Tuliruka kama sungura. Mzunguko wa kwanza niliangusha nguzo mbili. Wa pili nikaangusha moja. Nyuma yetu Alwyn alikuwa amekaa kwenye kochi. Kisha nikasikia sauti yake:

"Ipe ya tatu."

"Bado," alisema Trudy.

"Inalia. Ipe ya tatu."

Nikaipa ya tatu, na basi likatulia chini yangu, tani kumi nzima, laini kama maji. Trudy akageuka kumtazama. "Macho yamekwenda, masikio mzee bado anayo," alisema.

Mwenye uwanja alituruhusu kubaki mpaka nipate leseni. Trudy alibaki wiki ya kwanza, kisha akaja mwalimu kutoka Dubbo mara mbili kwa wiki. Mtihani wa kwanza nilipanda ukingo wa barabara kwa gurudumu la nyuma, nikafeli. Wa pili nikafaulu. Kwa jumla tulikaa pale wiki tano, na sikuwa nimekaa mahali wiki tano tangu tuuze nyumba. Niliosha madirisha yaliyokuwa safi. Nilishona mapazia ambayo hayakupasuka. Alfajiri nilikuwa nimeshaamka nazunguka njia ya farasi kabla ya ndege.

Alwyn alinunua miche ya nyanya, akaipanda kwenye ndoo kando ya mabanda ya ng'ombe. Alikuwa anaipapasa majani, ananusa vidole, anapiga mluzi. Sikuwa nimemsikia akipiga mluzi miaka mingi, na sikuwa nimegundua kwamba aliacha. Ndipo nilipojua kwamba kupata leseni hakumalizi kitu. Mimi nilikuwa naumwa na mahali palepale palipokuwa panamponya.

Tulizungumza siku tatu. Tulipigiana kelele siku moja kati ya hizo. Mwisho tukakubaliana: miezi sita ya baridi barabarani, nikiendesha mimi, niende ninakotaka. Miezi sita ya joto mahali pamoja, na mahali anapachagua yeye.

"Haya, chagua," nilisema, nikitegemea ataje Maitland.

"Hapahapa Gunyarra."

"Mji ulimokaribia kuua mtu?"

"Hapa kila mtu anajua sioni," alisema. "Sina wa kumficha."

Tukakodi kipande cha ardhi nyuma ya maghala ya ngano, na maji ya bomba. Mahakama ilimtoza Alwyn faini na kumzuia kuendesha maisha yake yote, naye alitoka pale kama mtu aliyetuliwa mzigo. Bi Pascoe mwaka wa kwanza hakutusalimia. Mwaka wa pili, Alwyn akiwa amesimama dukani, alisikia mtu amekuja mbele yake akasimama.

"Ni mimi," alisema yule mama. "Niko mbele yako."

"Asante kwa kunijulisha," alijibu Alwyn. Hayo tu. Siku hizi husalimiana.

Sasa tuko katika mwezi wa tano wa joto na umebaki mmoja. Sitadanganya, ni mrefu. Kila asubuhi natembea mpaka daraja la mto na kurudi, kilomita nane, na mwenye duka la mikate anaamini najiandaa kwa mashindano. Nikipita huwa namwona amefungua dirisha ananingoja.

"Leo dakika ngapi, mama?"

"Sijahesabu."

"Utashinda tu," ananiambia.

Leo alinitupia mkate wa moto kupitia dirishani, nikaudaka bila kusimama.